Mdogo Wangu, Usinunue Kinamasi cha Watu

Wadogo zangu wa Kisumu, vuteni kiti, leo tunachafua mikono.

Swali la wiki hii limetoka kwa mdogo wetu wa Nyalenda. Ana kitalu nyuma ya nyumba: sukuma wiki, managu, nyanya na mipapai michache. Muuzaji wa pembejeo amemwambia kwamba miche ya kuuzika haioti ila kwa pitimosi, ule udongo mwepesi wa kahawia unaokuja kwenye mifuko mikubwa kutoka ng'ambo. Ameandika hivi: "Dada, nikishanunua mfuko huo, faida yote imekwisha. Nikitumia mboji ya taka za sokoni, miche yangu itakufa?"

Haitakufa, mdogo wangu. Itakufa ukiipanda kwenye mboji mbichi, na itateseka ukiipanda kwenye mboji tupu isiyochanganywa na kitu chepesi. Mboji iive, kisha ichanganywe. Ukiyashika hayo mawili umepata ulichokifuata. Lakini usiondoke bado, kwa sababu kuiva kuna dalili zake na kuchanganya kuna vipimo vyake, na hapo ndipo watu wengi hupoteza miche na kuilaumu mboji bure.

Unachonunua dukani

Muuzaji hakukudanganya kuhusu ubora wa pitimosi, au piti kwa ufupi. Ni nyepesi, inashika maji mara nyingi kuliko uzito wake, na bado inaacha hewa ifike kwenye mizizi. Haina mbegu za magugu wala magonjwa ya udongo. Haina pia chakula cha mmea cha kutajika, kwa hiyo mwenye kitalu anaamua mwenyewe aweke mbolea kiasi gani. Kwa mtu anayeotesha kwenye trei zenye vishimo vidogo, hiyo ni raha.

Ila jiulize imetoka wapi. Piti ni mabaki ya mimea ya kinamasi, hasa mmea mdogo uitwao sphagnum, uliokufa ndani ya maji yasiyo na hewa ukashindwa kuoza. Nyingi inayouzwa duniani huchimbwa kaskazini mwa Ulaya, katika nchi kama Latvia, Estonia, Lithuania na Finland. Kinamasi cha namna hiyo hujijenga kwa kadiri ya milimita moja kwa mwaka. Piga hesabu: kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu moja, na mashine inakikwangua katika misimu michache tu. Kikishakaushwa, ile kaboni iliyofungiwa humo karne na karne hutoka ikawa hewa ukaa. Vinamasi vya piti vimefunika kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini vimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ikijumlishwa.

Usidhani ni habari ya Wazungu peke yao. Mwaka 2017, Greta Dargie, Simon Lewis na wenzao walichapisha ramani ya piti iliyo katikati ya bonde la Kongo, kati ya Kongo mbili. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 145,500, na kaboni iliyomo walikadiria kuwa tani bilioni 30 hivi. Ni jirani zetu hao, na mvua zao zinatuhusu.

Tena tuna vinamasi vyetu. Chini ya mafunjo ya Yala na ya Dunga kuna udongo mweusi, laini, uliojaa mizizi iliyokufa. Yala peke yake ni kama hekta 17,500, kinamasi kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini. Maji ya mito hupita humo yakaacha tope lake kabla ya kuingia ziwani, na kamongo na samaki wengine huzaliana humo. Najua kuna watu huchimba udongo huo mweusi kwa ajili ya vitalu, na wengine huenda kukwangua udongo wa juu msituni. Nawaomba kwa upendo wote, acheni. Mnachokitafuta huko kimelala sokoni kila jioni kikingoja gari la taka.

Serikali ya Uingereza, ambako watu wameipenda piti vizazi na vizazi, ilitangaza mwaka 2022 kwamba inataka kukomesha uuzaji wake kwa wenye bustani za nyumbani. Sheria yenyewe imechelewa, lakini maduka na vitalu vingi huko vimekwisha kuhamia kwenye mboji, magome ya miti na unga wa makumbi ya nazi. Hata hapa nyumbani, wakulima wa waridi wa Naivasha wengi hupanda kwenye mawe mepesi ya volkano au kwenye makumbi. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba bila piti hakuna kitalu.

Mali iliyoko Kibuye

Nenda Kibuye Jumapili jioni, soko linapofungwa. Majani ya nje ya kabeji, maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka, mabua ya sukuma, maganda ya miwa, makoko ya mahindi. Katika miji mingi ya Kenya zaidi ya nusu ya taka ni vitu vya namna hii, vinavyooza. Tulivirundika miongo mingi pale Kachok, katikati ya mji, mpaka serikali ya kaunti ilipoanza kulihamisha lile jaa. Wanaopita barabara ile wanaikumbuka harufu yake. Taka zinazooza zikifukiwa zikakosa hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto dunia vikali kuliko hewa ukaa. Zikigeuzwa na kupata hewa huwa mboji. Taka ni zile zile, tofauti ni hewa.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila anayezalisha taka azitenganishe, zinazooza mbali na zisizooza. Usingoje askari wa kaunti aje kukukumbusha.

Siri iko kwenye gunia. Ukizoa taka zilizokwisha kuchanganyika utatumia siku nzima kuokota vipande vya nailoni, vijiti vya mishikaki, nyembe na betri, na bado mboji yako itabaki na chupa zilizovunjika. Zungumza na mama mboga kabla hajatupa. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Mama, habari za kazi? Nikikuachia gunia hili asubuhi, utanitilia majani na maganda peke yake?"

"Na mimi nitapata nini, mwanangu?"

"Miche ya managu na nyanya mvua ikianza. Na jioni nitakufagilia hapa mbele ya meza."

Mapatano hayo hushika kuliko ya pesa, kwa sababu yeye pia anachoka kulipia taka kubebwa. Chagua akina mama wawili au watatu, uwe mwaminifu, ufike kila siku uliyosema. Siku ambayo hukufika na majani yakamwozea mezani, umempoteza.

Vitu vikavu navyo viko karibu. Makapi ya mpunga yanapatikana kwenye vinu vya Ahero. Makapi ya miwa yako ukanda wa sukari, Kibos, Chemelil na Muhoroni. Mabua ya mahindi yapo kila shamba baada ya mavuno. Unga wa mbao uko kwa mafundi seremala, ila uulizie kama mbao zilitiwa dawa, na kama zilitiwa uuache. Samadi ya ng'ombe au mbuzi utaipata kwa jirani.

Mabaki ya samaki ni jambo la kuangalia. Najua upande wetu ni wa mgongo wazi na omena, na matumbo na magamba yana chakula kingi cha mmea. Lakini kwenye rundo dogo la nyumbani huleta mbwa, nzi na ugomvi na mwenye nyumba. Kama ni lazima, weka kidogo sana, katikati kabisa ya rundo, ufunike kwa vitu vikavu vingi. Mwenye plot ya kupanga aache kabisa.

Na gugumaji je?

Wengi mmeniuliza hili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji limekuwa mgeni asiyeaga katika Ziwa Viktoria, na mwaka 1998 lilitanda kwenye Ghuba ya Winam hata mitumbwi ikakwama. Wadudu wa Neochetina walioachiliwa ziwani miaka hiyo walilipunguza sana, lakini mvua kubwa zikija na mbolea za mashamba zikiteremka na mito, huchipuka upya. Kuligeuza mboji ni wazo jema. Linaoza upesi na lina potasiamu nyingi. Ila nina masharti manne, na silegezi hata moja.

La kwanza, usiingie majini miguu mitupu. Konokono wanaobeba kichocho hupenda kukaa kwenye mizizi ya gugumaji, na ufuo wetu una kichocho kingi. Nunua kwa vijana wenye mtumbwi na reki, na wao pia wavae buti na glavu.

La pili, usilichukue karibu na mlango wa Kisat wala mahali popote maji machafu ya mji na ya viwanda yanapomwagika. Gugumaji hunyonya metali nzito kama risasi na kadimiamu, na huzihifadhi zaidi kwenye mizizi. Vuna mbali na mji, ukate mizizi, utumie majani na mashina.

La tatu, lina maji kadiri ya asilimia 90 au zaidi. Ukilirundika bichi litageuka uji mweusi unaonuka. Likatekate, ulianike siku kadhaa mpaka linyauke, kisha ulichanganye na vitu vikavu.

La nne, usilirundike ukingoni mwa maji wala karibu na mtaro. Kipande kidogo cha shina kikirudi majini huzaa upya, na mbegu zake hukaa miaka mingi zikingoja. Rundo lazima lipate joto la kweli.

Kama huna namna ya kutimiza masharti hayo, ridhika na taka za sokoni. Zinatosha sana.

Rundo lenyewe

Chagua kivuli, chini ya mwembe kwa mfano, kwa maana jua la Kisumu hukausha rundo kwa siku mbili. Rundo liwe angalau mita moja upana, mita moja urefu na mita moja kwenda juu. Likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto.

Chini tandaza mabua makavu yaliyokatwa, ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la vitu vikavu, kisha la vitu vibichi, kisha samadi nyembamba na udongo mkavu kiganja au viwili, halafu unyunyize maji. Rudia mpaka juu. Kwa kipimo cha debe, vitu vikavu viwe kama debe mbili kwa kila debe moja ya vibichi. Vikavu vina kaboni, vibichi na samadi vina naitrojeni, na vijidudu vinavyoozesha vinataka vyote viwili, kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni moja. Huhitaji maabara kujua umekosea: rundo likinuka kama mkojo, vibichi vimezidi, ongeza makapi. Likikaa baridi wiki nzima, vikavu vimezidi au maji yamepungua.

Unyevu upime kwa mkono. Chukua konzi moja kutoka katikati, ukamue kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitoka katikati ya vidole, ni sawasawa. Maji yakichuruzika, geuza rundo na uongeze vikavu. Yasipotoka kabisa na konzi ikamong'onyoka, nyunyiza. Msimu wa mvua funika kwa majani ya migomba au turubai kuukuu.

Joto lipime kwa fimbo. Chomeka fimbo ndefu mpaka katikati ya rundo uiache humo. Siku ya nne au ya tano ichomoe, uishike upande uliokuwa ndani. Ikiwa moto hata huwezi kuishikilia, na imelowa, kazi inaendelea. Tunataka katikati pafike sentigredi 55 hadi 65 na pabaki hivyo siku kadhaa, kwa sababu joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Kila baada ya wiki moja au mbili geuza, ya nje yaingie ndani na ya ndani yatoke nje, ili kila kitu kipate zamu ya joto. Mbegu isiyopikwa leo itaota kesho kwenye trei yako katikati ya managu.

Baada ya miezi miwili hadi mitatu, rundo litakuwa limepoa, limesinyaa karibu nusu, na hutambui tena ganda wala jani. Hapo ndipo wengi hukimbilia trei. Ngoja, mdogo wangu. Liache litulie mwezi mmoja zaidi.

Imeiva au bado?

Mboji mbichi kwa mche ni kama ugali ulioepuliwa kabla ya wakati: kwa macho umeshafanana na chakula, tumboni ni balaa. Bado inaoza, kwa hiyo inanyang'anya mche naitrojeni, inatoa amonia na asidi zinazounguza mizizi, na inaalika ukungu unaoozesha shina pale chini, ule unaolaza miche yote ya trei usiku mmoja.

Nina vipimo viwili, na vyote havina gharama.

Cha kwanza ni cha harufu. Lowesha mboji kidogo, uitie kwenye mtungi wenye kifuniko au mfuko uliofungwa sana, uiache ndani ya nyumba siku tatu. Ifungue uinuse. Harufu ya udongo baada ya mvua ni dalili njema. Ikiwa ni harufu ya mkojo au ya kuoza, irudi kwenye rundo.

Cha pili ni cha mbegu, na hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Chukua visahani viwili. Kimoja weka mchanganyiko wako wa mboji, kingine mchanga safi wa mto uliooshwa. Panda mbegu 10 za sukuma kila kimoja, umwagilie sawa, uviweke mahali pamoja. Baada ya wiki linganisha. Kama za kwenye mboji zimeota karibu sawa na za mchanga, na mizizi ni mieupe na imenyooka, endelea. Kama zimeota nusu, au mizizi ina ncha za kahawia, mboji bado. Mbegu 10 zikufundishe, zisije trei 20 zikakufundisha.

Kuchanganya

Sasa turudi kwenye piti. Mboji si pacha wake, na ukiichukulia hivyo itakuangusha. Piti ina asidi, mboji huelekea upande wa alkali. Piti haina chumvi, mboji inazo. Piti ni nyepesi, mboji hushikamana na kuzama kwenye vishimo vya trei mpaka mizizi ikakosa hewa. Kwa hiyo mboji isizidi nusu ya mchanganyiko, na kwa mbegu ndogo kama za managu na nyanya theluthi moja inatosha.

Ichekeche kwanza kwa waya wenye matundu madogo ya kama milimita 6. Yaliyobaki juu yarudishe kwenye rundo jipya, yataliamsha.

Cha kuipa wepesi, chaguo langu kwa Kisumu ni makapi ya mpunga yaliyochomwa. Toboa mkebe mkubwa pande zote, uweke bomba la bati juu yake, washa moto ndani, kisha zungushia makapi kilima. Yatashika taratibu kutoka ndani kwenda nje. Yanapokuwa meusi yote, kabla hayajawa majivu meupe, yamwagie maji mengi na uyatandaze. Ukiyaacha yakawa majivu umepoteza wepesi na umeongeza alkali, vitu viwili usivyovitaka. Ukipata unga wa makumbi kutoka Pwani, nao ni mzuri sana, ila uoshe kwanza kwa maji mengi kutoa chumvi.

Kwa trei za mboga: debe moja ya mboji iliyochekechwa, debe moja na nusu ya makapi yaliyochomwa, na nusu debe ya mchanga wa mto. Kwa miche ya matunda na miti kwenye mifuko: debe mbili za udongo mzuri wa juu, moja ya mboji, moja ya mchanga. Wenye udongo ule mweusi wa Kano unaopasuka kiangazi, msiutumie kwenye mifuko. Ukikauka unakaba mizizi na ukilowa hauachi maji.

Kama eneo lako lina mnyauko wa nyanya, lowesha mchanganyiko, uutandaze juani, uufunike kwa nailoni angavu uliyoibana kingo zote, uuache wiki nne hadi sita. Jua letu lina nguvu, litumie. Udongo wa shamba lenye mnyauko usiuguse kabisa.

Malezi nayo hubadilika. Mboji tayari ina chakula, kwa hiyo usikimbilie mbolea ya dukani wiki za mwanzo. Mwagilia asubuhi mpaka maji yatoke chini, ili chumvi ioshwe. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, alkali imezidi. Msimu ujao punguza mboji na usitie majivu.

Maswali ya haraka

*"Dada, naishi plot ya kupanga, sina nafasi ya rundo."* Unganeni watu wanne au watano, mwombe nafasi mwenye shamba, kanisa au shule iliyo karibu, mgawane mboji. Andikeni zamu za kugeuza kabla hamjaanza. Vikundi vingi havivunjwi na pesa, vinavunjwa na zamu.

*"Mume wangu anasema ni uchafu."* Mweleweshe kwa hesabu, si kwa maneno. Mwonyeshe risiti ya mfuko wa pitimosi, halafu mwonyeshe trei ya sukuma iliyoota kwenye mboji. Na rundo lako lisinuke, kwa sababu likinuka amekushinda hoja.

*"Naweza kuuza mboji yenyewe?"* Unaweza, baadaye. Ukianza kuifunga kwenye mifuko na kuiita mbolea, kuna viwango vya kufuata, na shirika la viwango, KEBS, ndio wa kuwauliza. Kitalu cha miche ya matunda kinahitaji usajili pia, pitia ofisi ya kilimo ya wadi yako na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Anza kwa kuuza miche. Mteja akiona mche wenye shina nene atauliza mwenyewe ulipandwa kwenye nini.

*"Nina mimba, nifanye kazi hii?"* Kuchanganya na kugeuza mwachie mwingine, hasa penye samadi na vumbi. Wewe panda mbegu ukiwa na glavu, unawe kwa sabuni. Na nyote, vaeni viatu, na kidonda chochote mkononi kifungwe kabla ya kugusa rundo.

*"Nichukue mkopo ninunue mashine ya kukatakata?"* Hapana. Panga na gogo vinatosha rundo lako la kwanza na la pili. Mkopo usubiri wateja, usiwatangulie.

Lini uanze

Mvua za masika huingia Machi, na wiki za mwisho za Februari ndizo watu hutafuta miche. Hesabu kurudi nyuma: wiki moja ya kupima mbegu, mwezi wa kutulia, miezi miwili hadi mitatu ya joto, na juu ya hapo wiki nne hadi sita za miche kukua kwenye trei. Kwa hiyo rundo la masika hujengwa Agosti au Septemba, na rundo la vuli hujengwa mapema mwaka, kati ya Februari na Machi. Mwenye kitalu aliyeanza rundo Januari akitarajia trei za Machi ndiye atakayelazimika kutumia mboji mbichi, kisha aje kusema mboji imemuulia miche.

Mdogo wangu wa Nyalenda, kama umeshanunua pitimosi, huu msimu usiitupe. Ichanganye nusu kwa nusu na mboji ukishaipima, iishie hapo, na isiingie nyingine. Wiki hii tafuta magunia mawili na mama mboga mmoja. Ukifika kipimo cha mbegu niandikie ngapi kati ya 10 zimeota, nikwambie kama ujaze trei au ungoje.